Halmashauri kujichanganyia zege yenyewe: nani ana uzoefu?

Diwani wa kamati ya ujenzi

Wakuu, naomba msaada wenu kabla sijanyoosha mkono kikaoni.

Mimi ni diwani, huu ni mwaka wangu wa pili, na nimepangwa kamati ya ujenzi. Kitaaluma ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo mambo ya saruji na kokoto ninajifunza sasa, tena kwa haraka. Limeletwa pendekezo kwamba halmashauri inunue mtambo wake wa kuchanganyia zege wenye uwezo wa mita za ujazo 60 kwa saa, pamoja na magari manne ya kubebea, kila moja lenye ngoma ya mita za ujazo 6. Zege hilo litumike kwenye miradi yetu wenyewe: makalvati, mifereji, madaraja mafupi, madarasa na kingo za barabara.

Wanaolitetea wana hoja tatu. Wauzaji wa zege wanaoweza kutufikia ni wawili tu, na kila zabuni inapofunguliwa bei zao zinakuwa zimekaribiana mno. Leo anashinda huyu, kesho yule. Pili, wakipata mteja mkubwa wa binafsi sisi tunasogezwa nyuma. Mwaka jana daraja moja lilikaa na nondo wazi miezi miwili likisubiri zege. Tatu, tukichanganya wenyewe tutajua tunachomwaga.

Mhandisi anaunga mkono kwa moyo wote. Mhasibu hajasema neno, na ukimya wake umeninyima usingizi.

Kuna mtu hapa amewahi kufanya kazi kwenye mtambo wa zege wa umma? Nataka kujua mambo yalikwendaje, na mngepima nini kabla ya kununua hata boliti moja. Nimesoma pia kwamba jiji la New York lina mitambo yake ya lami. Kama lami imewezekana, zege linashindikana kwa nini?

---

Mpimaji wa zamani

Mheshimiwa, nimekaa kwenye chumba cha mizani cha mtambo wa umma miaka tisa. Siutaji ni upi, maana watu wake bado wapo na wengine ni rafiki zangu. Mtambo ulikuwa mzuri, mizani yake ilikuwa ya kuaminika, na vijana niliofanya nao kazi walijua kazi. Leo silo (tangi refu la kuhifadhia saruji) imeshika kutu na majani yameota mpaka kwenye mkanda wa kokoto. Nitakueleza kilichouua, lakini kwanza nikujibu la lami, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi.

Ni kweli New York ina mitambo miwili ya lami chini ya idara yake ya usafirishaji, mmoja Brooklyn na mwingine Queens. Lakini itazame kazi yenyewe. Jiji kama lile linaweka lami upya msimu mzima, mwaka baada ya mwaka, na linaamua lenyewe leo lipo mtaa gani. Mvua ikinyesha, mtaa unasubiri hadi kesho na hakuna kilichoharibika. Lami kuukuu iliyokwanguliwa inarudi mtamboni na kuchanganywa tena. Zege haliko hivyo. Zege linaitwa na jengo. Mbao zimesimama, nondo zimefungwa, mkaguzi amesaini, basi siku hiyo unatakiwa kupeleka mita 180 bila kukatika. Baada ya hapo wiki tatu nzima hakuna anayetaka hata toroli moja.

Kwa hiyo usiulize mnatumia mita ngapi kwa mwaka. Sisi tuliuliza hivyo, na jumla ikawa ya kupendeza sana. Uliza siku. Chukua daftari za miradi yenu za miaka miwili na uorodheshe kila siku zege lilipomwagwa na ni mita ngapi. Utaona siku nyingi za sifuri, siku kadhaa za mita tano au kumi, na siku chache zinazotisha. Mtambo wako unanunuliwa kwa ajili ya zile chache, lakini mishahara unailipa siku zote.

Halafu hiyo 60 kwa saa isikuvutie. Wewe ni mtu wa hisabati, piga hesabu nami. Gari linapakia dakika kumi, linakwenda nusu saa, linamwaga nusu saa, linarudi nusu saa, linasafishwa dakika kumi. Hiyo ni dakika 110 kwa mzunguko mmoja. Magari manne ya mita 6 yanapeleka mita 24 kila mzunguko. Gawanya. Unapata mita 13 kwa saa, si 60. Mtambo utakuwa umekaa kimya muda mwingi ukisubiri magari, na ile siku ya mita 180 itakuchukua zaidi ya saa 13, usiku umeingia na watu wamechoka. Katikati gari moja likipasuka tairi, tabaka la chini linaanza kukaza kabla la juu halijafika, na pale zinapokutana hazishikani tena. Kwa macho utaona mstari tu. Maji baadaye yanapitia hapohapo kufuata nondo.

Huwezi pia kuufidia uchache wa magari kwa kuwahi kupakia. Saa inaanza pale maji yanapogusa saruji. Kwa miaka mingi kanuni iliyotumika ni dakika 90 hadi zege liwe limemwagwa, na ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwa muda mrefu kwenye ASTM C94, kiwango cha Marekani cha zege linalosafirishwa. Kuna kemikali za kuchelewesha, zinasaidia, lakini jua kali na foleni havisomi lebo ya kemikali.

Sasa la ubora, ambalo ndilo lililo moyoni mwangu.

Watu wanadhani kuchanganya zege ni kupima saruji. Saruji ndiyo rahisi. Kinachosumbua ni maji, na maji mengi yanaingia yamejificha ndani ya mchanga. Mita moja ya zege ina mchanga wa kilo 800 hivi. Mchanga huo ukiwa umebeba unyevu wa asilimia 5, tayari umekuletea lita 40 za maji ambazo hukuzimimina wewe. Baada ya mvua ya usiku nilikuwa nafika saa kumi na moja alfajiri, nachota mchanga sehemu tatu za lundo, naukausha kwenye sufuria juu ya jiko, napima kabla na baada. Dakika ishirini za kazi. Asiyezifanya anatoa zege la asubuhi lenye maji kupita kiasi na la mchana lililokauka, kwa karatasi ileile ya vipimo. Tangu Duff Abrams achapishe majaribio yake Chicago mwaka 1918 inajulikana kwamba uwiano wa maji na saruji ndio unaoamua nguvu ya zege kuliko kitu kingine chochote. Siyo siri. Ni nidhamu ya kila alfajiri, na nidhamu hiyo inategemea kama kuna mtu atakayekuuliza.

Hapo ndipo sisi tulipoanguka. Mwaka wa nne hivi tulitoa zege la ukuta wa pembeni mwa daraja. Lilitakiwa kufika nguvu ya megapaskali 30 (kipimo cha kustahimili kukandamizwa) kwa siku 28. Tuliponda kyubu za siku ya saba, yaani matofali madogo ya sampuli ya zege hilo, zikatoka chini sana. Kwa kawaida siku ya saba unategemea karibu theluthi mbili ya nguvu; sisi hatukufika hata nusu. Tukangoja 28 kwa matumaini. Zikatoka 19.

Mkandarasi akasema zege ni lenu. Dereva wetu akasema msimamizi wa mkandarasi aliagiza maji yaongezwe kwenye ngoma pale eneo la kazi. Msimamizi akakana. Hakukuwa na karatasi yoyote yenye saini. Maabara iliyoponda kyubu ilikuwa chini ya meneja wa mtambo. Mhandisi mwenye mamlaka ya kuamuru ukuta ubomolewe ndiye aliyekuwa anasaini bajeti ya mtambo. Vikao vitatu vilifanyika na katika vyote nilikuwepo nikiwa na daftari langu mkononi. Ukuta ukaachwa. Ukapakwa plasta, na barabara ikafunguliwa.

Niliumia, na bado naumia nikipita pale. Lakini kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi ya ukuta. Kila mtu mtamboni alikuwa ameona kwamba zege letu halikataliwi. Hakuna aliyesema kwa mdomo. Ile sufuria ya kukaushia mchanga ikaanza kukaa kabatini siku mbili, tatu, wiki. Wakandarasi nao wakaanza kuandika kwenye zabuni zao kwamba hawatoi dhamana ya kazi iliyomwagwa kwa zege letu, na wakapandisha bei kwa sababu hiyo. Mwaka wa tisa pampu ya saruji ikafa, na hakuna aliyepigania itengenezwe.

Muuzaji wa nje akikuletea zege bovu unaligeuza getini na hasara ni yake. La kwako mwenyewe, Mheshimiwa, nani atakuwa na nguvu ya kuligeuza? Jibu hilo lipatikane kwa majina ya vyeo, kwa maandishi, kabla ya mtambo. Na kama kuna fedha za kitu kimoja tu mwaka huu, nunueni maabara. Mashine ya kupondea, kalibu za kyubu za milimita 150, tangi la kuzihifadhia lenye maji yasiyobadilika joto, koni za slampu (za kupimia ulaini wa zege bichi) na vijana wawili waliofundishwa vizuri. Iwe chini ya mtu ambaye hahusiki na kuchanganya wala kujenga. Itawafaa mkinunua zege, mkilitengeneza, au mkifanya yote mawili.

---

Mkaguzi wa hesabu

Ndugu diwani, ukimya wa mhasibu wenu naufahamu. Fungua ukurasa wa pendekezo wenye bei ya mita moja. Nina hakika utakuta saruji, mchanga, kokoto, maji, umeme na dizeli. Tafuta kiwanja. Tafuta mishahara ya madereva, bima, uchakavu wa mtambo, matairi, vibanzi vya ndani ya ngoma vinavyolika na kokoto, na uhakiki wa mizani. Nimekagua miradi ya aina hii (si ya zege peke yake) ambapo vitu hivyo vilikuwa vimetawanywa kwenye mafungu ya idara nyingine, na kila mwaka ripoti ikaonyesha bidhaa ya umma ni rahisi. Ilikuwa rahisi kwa sababu gharama zake zililala kwa jirani. Dai daftari moja, la mtambo peke yake, lenye kila kitu.

Kisha gawa gharama zisizobadilika kwa ujazo wa kweli. Ukizigawa kwa mita 20,000 kwa mwaka zinaonekana ndogo. Ukizigawa kwa mita 4,000 kila mita inabeba mzigo mara tano. Hapo ndipo ushauri wa Mpimaji wa kuhesabu siku unapoingia kwenye pesa.

Jambo jingine ni kasi ya manunuzi. Muuzaji binafsi beringi ikivunjika saa nne, saa sita mtu wake yupo dukani. Ninyi mna taratibu, na taratibu hizo zipo kwa sababu nzuri, sitaki mtu azidharau. Lakini lazima muandike mapema mikataba ya vipuri na ya saruji itakayowaruhusu kuagiza siku hiyohiyo. Na fedha zikichelewa kutoka, silo inakaa tupu huku mshahara unaendelea.

Kuhusu hao wauzaji wawili wanaopokezana. Msilipuuze hata kidogo. Zege ni bidhaa inayokaribisha njama, kwa sababu haisafiri mbali, kwa hiyo kila eneo lina wauzaji wachache wanaojuana. Mwaka 1986 mahakama ya shirikisho New York iliwatia hatiani wakuu wa magenge ya mafia, na sehemu kubwa ya kesi ilikuwa mpango wao wa kugawana kazi za zege za zaidi ya dola milioni 2 huku wakichukua asilimia 2 ya kila mkataba. Uingereza, mwaka 1995, kampuni 17 zinazouza zege lililokwisha kuchanganywa zilitozwa faini kwa kugawana soko. Ujerumani mwaka 2003 watengenezaji wa saruji walipigwa faini ya karibu yuro milioni 660, ingawa baadaye mahakama ilipunguza.

Itazame hiyo ya Ujerumani: ilikuwa saruji. Mkinunua mtambo mnaweza kuwakwepa wauzaji wa zege, lakini saruji bado mtainunua, na ndiyo inayokula sehemu kubwa ya gharama ya malighafi. Kama njama ipo ngazi ya juu, mtambo wenu utakuwa mteja mwingine tu wa njama hiyo.

Wewe ni mwalimu wa hisabati. Chukua zabuni zote za zege za miaka mitano, chora kwenye karatasi nani alishinda lini na tofauti ya bei ilikuwa asilimia ngapi. Angalia kama makosa yaleyale ya kujumlisha yanatokea kwenye zabuni za kampuni mbili. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Ukipata mpangilio, upeleke kwenye mamlaka ya ushindani, na usiutangaze kikaoni kwanza.

---

Dereva wa gari la zege

Mimi naendesha gari la zege miaka kumi na minne, nimefanya kwa binafsi na kwa serikali. Mzee Mpimaji amesema kweli yote, naongeza la kwetu.

Maji yanaongezwa. Hakuna dereva atakayekudanganya kwamba hayaongezwi. Ukifika eneo la kazi zege limeanza kukaza, watu wa koleo wanakuambia fungua maji, wewe una tangi la maji nyuma na mpira wake. Ukikataa wanakuweka pembeni masaa, zege linagandia kwenye ngoma. Likigandia, kesho kuna mtu anaingia ndani ya ngoma na nyundo ya umeme kulibomoa, kelele na vumbi, joto lisilosemeka. Mimi nimeingia mara tatu. Kwa hiyo dereva anafungua maji ili yeye au mwenzake asiingie mle. Mkitaka dereva asifungue, mpeni mtu wa kumpigia simu pale pale atakayesema geuza gari, na mpeni sehemu ya kumwaga hilo zege bila kukatwa mshahara.

Pia jengeni sehemu ya kuoshea. Maji ya kuosha ngoma yanaunguza ngozi, yakienda mtoni yanaua samaki. Wengi wanasahau kwenye bajeti.

---

Diwani wa kamati ya ujenzi

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu yenu mara tatu na jana nimekaa ofisi ya kazi mpaka jioni na daftari za miradi.

Mpimaji ulisema kweli. Siku za kumwaga zege la magari hazifiki 70 kwa mwaka mzima, na karibu nusu ya ujazo wote iliingia kwenye siku chache za mabamba ya madaraja. Miezi miwili ya mvua haina chochote. Lakini nimeona kitu kingine ambacho sikukitafuta. Mawe ya kingo za barabara, vibamba vya kufunikia mifereji na mabomba ya kalvati tunanunua kila mwezi. Hakuna mwezi wenye sifuri. Na hivyo tunaletewa vikiwa vimeshakauka, havimwagwi eneo la kazi.

Je, hapo kuna kitu, au najifurahisha?

La zabuni nimeanza kuchora. Sitasema zaidi hapa.

---

Mpimaji wa zamani

Hapo kuna kitu kikubwa, Mheshimiwa, na nasikitika kwamba miaka tisa nilikaa mita mia moja kutoka kwenye uwanja mtupu bila kukiona.

Jiwe la kingo linamwagwa kwenye kalibu, uwanjani kwenu. Hakuna dakika 90, maana kichanganyio kipo hatua ishirini kutoka kwenye kalibu. Hakuna magari manne. Mvua ikizuia barabara, mnaendelea kumwaga chini ya paa na kulundika akiba. Kichanganyio cha nusu mita kinatosha kuanzia, na mizani yake ndogo. Miezi yenu miwili ya sifuri inakuwa miezi ya kujaza uwanja.

Zaidi ya yote, kitu hicho unaweza kukikataa. Zege la ukuta likishaingia kwenye mbao limekuwa ukuta, na kulikataa maana yake ni kubomoa, na kubomoa maana yake ni vikao. Jiwe la kingo linakaa uwanjani wiki nne likimwagiliwa maji. Maabara inachukua kadhaa kutoka kila kundi, inayavunja. Yakishindwa, kundi lote linapigwa alama ya rangi nyekundu na kusagwa kuwa kifusi cha kujazia. Hasara yake ni ya kiwanjani tu, na kijana wa maabara anaweza kusema hapana bila kuharibu ratiba ya daraja la mtu. Akishazoea kusema hapana kwa jiwe la kingo, na wakubwa wakazoea kumsikia, siku moja anaweza kusema hapana kwa ukuta.

Jihadharini na vitu viwili. Vibamba vya mifereji vinakanyagwa na magari hata pale ambapo mchoro unasema ni vya waenda kwa miguu, kwa hiyo nondo zisipunguzwe. Na msiviuze nje mwaka wa kwanza wala wa pili, hata kama wafanyabiashara watakuja na fedha mkononi. Mkianza kuuza, mradi wa halmashauri utasogezwa nyuma na mtambo wa halmashauri, jambo lilelile mlilolalamikia.

Kwa zile siku chache za madaraja endeleeni kununua, au mkandarasi wa daraja aje na mtambo wake wa kuhamishika na kuusimika palepale. Ila badilisheni hati ya kupokelea. Nyingi nilizoziona zina namba ya gari, ujazo na saini moja, na hazimsaidii mtu yeyote siku kyubu zikianguka. Ya kwenu iwe na uzito wa kila kitu uliosomwa kwenye mizani, si ule uliopangwa; unyevu wa mchanga wa asubuhi hiyo; slampu iliyopimwa eneo la kazi kabla ya kumwaga; na mstari wa maji yaliyoongezwa, kwa lita, ukiwa na jina na saini ya aliyeagiza. Kama hakuna aliyeongeza, iandikwe sifuri na isainiwe vilevile. Ndugu yetu dereva abaki na nakala yake, maana mara zote yeye ndiye anayesukumiwa lawama.

Na saa. Saa inayoandikwa ni ile maji yalipogusa saruji, si ile gari lilipotoka getini. Sisi kwenye zile hati za ukuta wa daraja tulikuwa na saa ya getini tu.